Wimbo wa Babu Wapewa Mwisho Mpya

Kaka yangu Tilhere,

Amani ya Bwana ikufikie huko ng'ambo unakowahubiria wapagani. Sisi watawa tu wazima. Nyuki wamerudi mizingani, na jibini ya mwaka huu ina uchungu kidogo.

Baba amefariki. Siku ya Pasaka, karamuni, alishika kinubi akaimba wimbo wa babu yetu, aliyelinda kivuko cha mto peke yake mpaka akauawa, na maiti yake ikachomwa juu ya kuni pamoja na upanga wake, kwa desturi ya zamani. Baba alikuwa ameongeza maneno yake mwenyewe: "Mungu ndiye aliyemtia nguvu."

Padri Eanmund akamkatiza. "Mzee, huyo babako alibatizwa?"

"Alikufa kabla hamjaja, Padri."

"Basi yuko motoni. Imba hivyo, ama sivyo hutazikwa hapa kanisani karibu na mkeo."

Baba akarudisha vidole kwenye nyuzi, akaimba. Alimwimba baba yake akiungua milele na kulilia tone la maji, na watu wakacheka huku wakipiga meza.

Tangu hapo hakugusa kinubi. Alipokuwa akikata roho, Padri alimuuliza kama anaamini.

"Naamini," alisema. "Ndiyo maana najua sitamwona tena baba yangu."

Tulimzika kando ya Mama. Wimbo umeenea hadi sokoni, ila ubeti wa kivuko wameuacha. Wanautaka ule wa moto tu.

Nakusihi, kaka, wapagani wako wakikuuliza babu zao wako wapi, usiwajibu mbele ya watu.

Dadako,
Cwenburh