Mama Mkwe, Lenzi Yako Iko Kwangu

Mama,

Moyo wenu. Naanza na salamu ya kwenu Kasai, ile uliyonifundisha mlangoni siku nilipokuja kumposa binti yako Clarisse, nikaitamka vibaya mpaka shangazi zake wakaficha midomo kwenye vitenge. Sasa naitamka vizuri. Nimechelewa, najua.

Nakuandikia kwa sababu nina habari ambayo hapa Kolwezi hakuna mwingine wa kuielewa. Lenzi yako nimepewa mimi.

Kilio chako kilipokwisha, ukoo ulikaa sebuleni kugawana vitu. Masufuria yalipata watu haraka. Vitenge vilipata watu haraka zaidi, na maneno kidogo. Kisha mtu akatoa kabatini ule mfuko mweusi, akaifungua lenzi juu ya meza, na watu wote wakainama kuitazama. Mdogo wako, Mama Ntumba, aliyetoka Mbuji-Mayi ulipolazwa, aliizungusha, ikatoa mlio, akaiachia kama aliyeshika nyoka. Akauliza kama ni termosi. Mjomba Kalala akasema hapana, hicho ni chombo cha mgodi, cha kupimia kobalti, kirudishwe kabla askari hawajakifuata.

Clarisse alikuwa amekaa pembeni. Tangu tukuzike alikuwa hasemi zaidi ya ndiyo na hapana. Akasema: "Ni ya ndege. Muipe Trésor. Njo yeye alikuwa anaibeba."

Basi. Wenzangu wanarithi nyumba na mashamba. Mimi mkweo nimerithi kitu kizito kuliko mtoto wetu wa mwisho, na mtoto angalau siku moja atatembea mwenyewe.

Nakumbuka ilivyoanza. Ulipoacha kazi ya ukunga tulidhani utakaa barazani upumzike. Kijana wako wa Ulaya akakutumia kamera upige picha za wajukuu. Ukawapiga wiki moja, ukasema hawatulii, wanakunja sura, heri ndege. Halafu ikaja hiyo lenzi, ndefu kama mkono wangu kutoka vidoleni hadi kiwiko, na ikivutwa inazidi. Ukaniita uani, ukaniambia nichungulie. Ndege mdogo aliyekuwa juu ya mnara wa simu akaja mpaka puani kwangu. Nikarudi nyuma. Ukacheka, ukaniambia kwamba tangu siku hiyo siku zangu za mapumziko ni zako.

Mama, hukujua ulichonitendea. Mimi ni mtu wa Sandoa. Kwetu mama mkwe anaheshimiwa kwa mbali. Ukimwona njiani unaingia majanini apite. Huli mbele yake, hukai naye kiti kimoja, humkazii macho. Mama yangu mzazi alinionya kabla ya harusi: "Mukwe ni sawa na moto wa kuchomelea chuma. Ukiutazama sana, macho yanakwisha." Na mimi, mtu mzima, dereva wa lori kubwa la mawe kwenye mgodi wa Mashamba, nikajikuta nimelala kifudifudi kwenye matope ya ziwa Nzilo, bega kwa bega na mama mkwe wangu, ndani ya kihema ulichokishona kwa magunia na chandarua kuukuu.

Siku ya kwanza nilijaribu kutunza heshima. Wewe ulitazama ziwa, mimi nikageuka nikatazama kijiji. Tulikaa hivyo mgongo kwa mgongo asubuhi nzima. Nilichoona ni mbuzi. Wewe ulikuwa unamtafuta mdiria, yule mweusi kwa mweupe anayesimama hewani juu ya maji, mabawa yanapiga, kichwa kimetulia, kisha anajiachia kama jiwe. Ulitaka picha ya pale mdomo unapogusa maji. Kabla kidogo, hapana. Baadaye kidogo, hapana. Pale pale.

Akaja. Nilijua amekuja kwa sababu uliacha kupumua. Na hapo hapo tumbo langu, ambalo halikuwa limepata kitu kwa sababu siwezi kula mbele ya mukwe, likanguruma. Si kunguruma kidogo. Lilipanda, likashuka, likabadilisha gia. Ndege akaondoka. Nafikiri na mbuzi pia.

Hukugeuka. Uliuliza tu: "Mukwe, ile ni tumbo ao ni lori yako?"

Nilitaka ardhi inimeze. Ukanipitishia muhogo na karanga kwa nyuma, juu ya bega, bila kunitazama, ukasema: "Humu ndani hakuna mukwe. Kuko ndege na batu benye kungojea ndege. Kula." Nikala. Mgongo kwa mgongo nikala, na mbingu haikuanguka. Safari iliyofuata niligeuka nikatazama ziwa. Sandoa hawajui mpaka leo, na tafadhali huko uliko, ukikutana na baba yangu, usimweleze.

Halafu ile bariere, kizuizi cha askari barabarani.

Wewe mwenyewe uliona kwamba kupita na lenzi njia ile ni shida. Kila tulipofika kwenye kizuizi, askari walidhani tumebeba bunduki ya kuangushia helikopta, ama tumetumwa kupiga picha za mashimo ya madini ya watu. Tulijieleza sana juani. Ndipo ukapata akili ya kuibeba mgongoni kwa kitenge, na kofia ya sufu juu, ile ya pinki uliyomfumia mtoto wetu wa kwanza. Mimi nikasema Mama, hapana. Ukasema umepokea watoto wa nusu ya mji huu, hakuna askari atakayekufundisha mtoto anafananaje.

Na kweli, walipita wawili wakakusalimia tu. Wa tatu alikuwa yule sajenti mnene, mwenye upole wake. Akainama dirishani. "Mama, mutoto iko na miezi ngapi?" Ungesema sita, tungepita. Lakini wewe ukaanza ukunga: ananyonya vizuri, usiku halii, ila anafunga choo. Akasema anataka kumwona. Ukasema hapana, iko na surua. Akarudi hatua moja. Tungepita hata hapo, Mama! Lakini uliinama kuokota leso yako, na lenzi ile, ukiielekeza chini, inateleza yenyewe inarefuka. Nikaisikia. Zzzzz. Kofia ya pinki ikapanda polepole kutoka begani mpaka juu ya sikio lako.

Sajenti akatoa macho. "Mama," akasema, "mutoto wako anakomaa."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni wewe. Nakumbuka sajenti amejiegemeza kwenye boneti ya gari langu, machozi yanamtoka, anawaita wenzake waje waone mtoto anayekomaa barabarani. Ukawaonyesha picha zote zilizokuwemo. Ukampiga na yeye, na ile lenzi ndefu, mpaka ukalazimika kurudi nyuma karibu ya kiwanda cha matofali ili uso wake uenee. Toka siku hiyo kizuizi kilifunguka tukiwa bado mbali, na salamu ilikuwa moja: "Mutoto iko salama?"

Ulipolazwa, presha ikiwa imepanda na kukataa kushuka, shangazi wote walijaa chumbani. Mimi nilisimama koridoni, mahali pa mkwe. Ukaniita. Niliingia nikasimama mlangoni. Ukasema: "Karibia." Nikakaribia kidogo. "Karibia, mi si ndege, sitaruka." Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda chako, Mama, mbele ya shangazi wote, na Mama Ntumba akageukia ukuta asione. Ulikuwa umechoka, sauti imekuwa nyembamba. Nilidhani utaniachia neno juu ya Clarisse, ama juu ya watoto. Ukasema: "Usifunge jicho la kushoto. Ukilifunga, hutaona ndege anatoka wapi." Kisha ukalala.

Sikukujibu. Mpaka leo nasikia vibaya kwamba sikukujibu hata neno.

Sasa nikuambie yaliyotokea baadaye.

Siku zangu za kwanza za mapumziko baada ya kilio nilikwenda Nzilo peke yangu. Sikuweza kuibeba lenzi mgongoni, mimi mwanaume mwenye ndevu, kwa hiyo niliiweka kiti cha mbele, kiti chako, nikaifunga mkanda. Kofia nayo nikaivika, kwa mazoea. Sajenti alifungua kizuizi akicheka kutoka mbali, akaja dirishani, akatazama kile kiti. "Na Mama?"

Nikamwambia.

Alivua bereti. Malori yalipiga honi nyuma yetu, hakuyajali. Halafu akaingiza mkono dirishani, akaiweka sawa kofia ya pinki, ilikuwa imepinda. "Basi mutoto amebakia yatima," akasema. Nilicheka, Mama. Nilicheka halafu nikashindwa kuliondoa gari, akanisaidia kulisukuma pembeni, nikalia huko vizuri mpaka nikamaliza.

Kuhusu kupiga picha, heri usingeuliza. Nimepiga maji. Nimepiga matete, matete mengi, yamekaa vizuri sana. Nimepiga goti langu. Siku moja nilipata mkia wa mdiria kwenye kona, nikauonyesha kwa mvuvi mmoja pale ufukweni, akautazama sana, akasema ni kidole changu. Alikuwa na haki. Mikono yangu imezoea usukani wa lori linalobeba mlima, na lenzi hii inataka mtu wa kupokea vichanga.

Lakini shida kubwa haikuwa picha. Ilikuwa nyumbani. Clarisse alikuwa anapika, anafua, anawapeleka watoto shule, anajibu ndiyo, anajibu hapana. Kwaya aliacha. Chumba chako hakuingia. Watoto wakaanza kutembea kwa vidole ndani ya nyumba yao wenyewe. Nilijaribu maneno, sina maneno mazuri. Nilimnunulia kitenge, akakikunja akakiweka. Mimi nikaogopa, Mama. Nilikuwa nimekuzika wewe, na nikaona kama naanza kumzika na yeye taratibu, huku anatembea.

Jumamosi iliyopita nilimwomba anisindikize Nzilo. Nilimdanganya kwamba mgongo unauma, siwezi kubeba. Akasema: "Ndiyo." Hakuuliza kitu. Sajenti alipotuona hakusema utani wowote, alipiga saluti tu.

Tuliingia kwenye kihema chako. Nikamweleza kazi yote kama bwana mkubwa: hapa unashika, hapa unavuta, usipumue, usifunge jicho la kushoto. Nikajiandaa. Mdiria akaja, akasimama hewani mbele yetu, karibu kuliko siku zote. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Nilipotazama, nilikuwa nimepiga ndani ya kifuniko. Sikuwa nimetoa kifuniko, Mama.

Clarisse alinitazama. Akanyoosha mkono. "Lete."

Akailaza lenzi juu ya gunia la mchanga, akaikumbatia kwa chini kama unavyomshika mtoto anayetaka kucheua. Macho yote mawili wazi. Nilimwangalia kutoka ubavuni na nikaona ni wewe. Shavu ni lako, kiganja ni chako, hata ule mdomo unaojikunja. Nilianza kumwambia kwamba ndege amesogea kushoto. "Trésor," akasema, "unapumua sana." Neno lake la kwanza refu tangu siku ile ya kugawana vitu, na lilikuwa la kunigombeza.

Ndege akajiachia. Akabonyeza.

Hakuipata ile ya mdomo kugusa maji. Alipata nyingine, ya kile kinachofuata. Mdiria anatoka majini mtupu, hana samaki, manyoya ya kichwani yamesimama huku na huku, matone yamemzunguka, na sura yake, Mama, ungeiona! Ni sura ya mhubiri aliyeteleza kwenye ngazi za mimbari na anatazama nani ameona. Clarisse akaitazama kwenye kioo cha kamera. Midomo ikaanza kutetemeka, nikajua atalia, nikatafuta leso. Akacheka. Alicheka mpaka kihema kikang'oka upande mmoja, ndege wa ziwa lote wakaruka, na mvuvi akapiga kelele kutoka mtumbwini kuuliza kama kuna mtu ameng'atwa. Akacheka, kisha akalia, kisha akala muhogo wangu wote.

Jumapili aliingia chumbani kwako, akafungua madirisha. Leo ameitundika ile picha sebuleni. Watoto wamempa yule ndege jina la Mjomba Kalala, na ukiitazama vizuri, hawakukosea.

Lenzi si yangu tena. Hakuna aliyeitisha kikao, imehama tu. Ninapoandika haya anaifuta kioo barazani kwa kitambaa laini, anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ndogo, na ameshaniita mara mbili kwamba jua linapanda. Anataka twende mpaka upande wa Tenke, amesikia kuna korongo wenye taji kwenye mabwawa ya huko. Mimi sijawahi kuwaona. Yeye pia.

Lala vizuri, Mama. Nilikosa kukujibu pale kitandani, nakujibu sasa: nimesikia. Na ninakuahidi kwamba binti yako, awe anacheka ama analia, kwenye matope yoyote atakayochagua, hatalala humo peke yake. Nitakuwa ubavuni pake. Nitajaribu hata kupumua kidogo.

Mukwe wako,
Trésor