Hesabu za Cyrille na Bidoni la Maji

Panda, Likasi
12 Oktoba 1994

Mpendwa Yaya Orpa, dada yetu mkubwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Huko Kamina mnaendeleaje? Miguu yako imepona, au bado inavimba jioni? Sisi tunapumua, na mimba yangu imeingia mwezi wa saba.

Yaya, mdogo wako Cyrille amenichosha. Maji ya bomba hayatoki tena, kwa hiyo kila asubuhi nakwenda chemchemini na bidoni kichwani. Huyu mume wangu hagusi. "Minye mwalimu," anasema. "Banafunzi bakiniona na bidon ku kichwa, batanisikia tena?" Shule yenyewe haina chaki, lakini tai lazima ivaliwe.

Siku moja nilifika nikihema, nikalalamika kwamba nimefanya kazi ya punda. Basi akachukua kipande cha makaa akanichorea mishale sakafuni, sakafu niliyotoka kuifagia. Eti katika fizikia, kazi ni nguvu mara umbali, ila nguvu lazima isukume upande ule ule kitu kinakokwenda. Mimi nashikilia bidoni kuelekea juu, huku natembea kwenda mbele. "Paka kuinua ku kichwa njo travail," akasema, yaani kuinua tu ndiyo kazi. "Barabara yote ile ya sawa, zéro."

Sifuri, Yaya. Nina mtoto tumboni na maji kichwani, na hesabu yake inasema njia nzima sikufanya kitu. Nilikasirika. Siku hiyo bukari ya unga wa mahindi alijipikia mwenyewe.

Alhamisi iliyopita tumbo lilinikamata njiani. Muuguzi alinikataza kubeba chochote, la sivyo nitampoteza huyu kama nilivyompoteza wa kwanza. Unakumbuka tulivyolia. Niliogopa sana.

Kesho yake Cyrille alichukua bidoni bila kuambiwa. Alirudi saa ile wanafunzi wanakwenda shuleni, tai shingoni, shati limelowa, nao wamesimama wanamtazama. Akatua mzigo, akashika shingo. Nikamuuliza, "Sasa fizike yako inasema nini?"

"Inasema zéro," akajibu. "Shingo njo inakatala."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Akamimina maji kwenye pipa, akachukua bidoni tupu, akarudi barabarani katikati ya wanafunzi wake.

Nisalimie shemeji Zéphirin, Glodie na mama Mwanvua wa jirani. Mungu aifunike nyumba yenu kwa amani. Ukimwandikia Cyrille, usimcheke, Yaya. Bado anaona aibu, na bado anabeba.

Wako akupendaye,
Henriette