Korosho Iliyomchoma Mama

Maskati, mwezi wa Mei

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta hapo Kiranjeranje ukiwa mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba masika hayajang'oa tena bati la jikoni. Mimi nipo, alhamdulillahi, ingawa uzima wangu una maelezo. Nimeandika kwa kalamu, msafiri wa kesho akuletee mkononi, kwa sababu sauti za simu unazifungulia uwanjani mpaka kuku wanasikiliza. Hii isome chumbani, peke yako.

Wiki iliyopita ulinitumia sauti ukicheka: "Mdogo wangu, uzee huu! Korosho imenichoma ziwani, hapa kifuani, pamekuwa pagumu na ngozi imejikunja. Napaka mafuta ya nazi." Ukaendelea na habari za harusi. Hiyo harusi sikuisikia. Nilirudia sauti yako mara nne.

Unakumbuka nani alikuwa akisema hivyo? Mama. Alikuwa anabangua korosho, anajifuta mikono kifuani, mafuta ya ganda yanambabua. Kwa hiyo kidonda kilipotoka ziwani hakuna aliyeshtuka. Mimi mwenyewe nilimtwangia manjano abandike. Ikapita misimu miwili. Alipofariki tukasema ni homa.

Sasa nisikilize. Mwezi wa Rajabu, mama mwenye nyumba ninayofanyia kazi alikwenda kwenye kipimo chake cha kila mwaka, mamogramu, yaani picha ya matiti. Akaniambia, "Na wewe Zuhura umevuka arobaini, panda gari." Nilibisha, siumwi popote. Mashine inabana titi kati ya vibao viwili, inauma kidogo, kisha basi. Daktari, mwanamke mwenzetu, aliitazama picha kwa muda mrefu. Akauliza kama mama yangu aliwahi kuugua titi. Nikasema hapana, korosho tu ndiyo ilimchoma. Hakucheka. Aliweka kalamu chini.

Kivimbe chenyewe kilikuwa kama punje ya mtama, mkono usingekigusa. Wakakitoa, majibu yakasema ni saratani changa, wakanipa tiba ya mionzi, na daktari ana matumaini.

Baada ya majibu nilimpigia shangazi, maana ndiye aliyemwosha Mama. Nilimbana mpaka akalia. "Mwanangu, ziwa lote lilikuwa limeoza. Mwosha maiti hasemi alichokiona. Nilimsitiri mama yako." Wanasema mficha maradhi kilio humuumbua, Mama hata kilio hakikumuumbua. Shangazi alifanya alivyofundishwa, lakini nina hasira, Somoe, sikufichi. Na hasira nyingine ni ya nafsi yangu, kwa sababu nami nilinyamaza miezi yote hii nisiwatie hofu. Kumbe nilikuwa nasitiri vilevile, na wewe huko unajipaka mafuta ya nazi. Nisamehe.

Usingoje Ijumaa ipite wala harusi iishe. Panda gari la Lindi, nenda hospitali ya mkoa, useme yote: pale pagumu, ngozi iliyojikunja, na Mama. Kama mashine ya picha hawana, watakuandikia rufaa ya Dar. Wakikuta ni salama, tutachinja. Ila hata hapo urudi kupimwa kila daktari atakapokupangia, maana changu kilionekana nikiwa sina hata dalili moja. Binti yako mkubwa naye akamweleze daktari habari za bibi yake; watu wa nyumba kama yetu huenda wakaambiwa waanze mapema. Shemeji akiuliza safari ya nini, mpe hii barua aisome. Mimi haya imeniisha.

Msalimie yeye, na wanangu wote. Msalimie mwalimu wa madrasa, aniombee dua. Shangazi mwambie sina kinyongo, ila ile siri naivunja leo.

Kuna jambo najiuliza tangu nisikie sauti yako. Korosho zenu mliuza zote kabla ya mwaka kwisha. Wewe mwenyewe ulilalamika hamkubakiza hata za kutafuna. Sasa ni masika, mikorosho haina hata ua. Korosho ipi imekuchoma, dada?

Mdogo wako anayekutaka uwe hai,
Zuhura