Barua Aliyoitia Sahihi Bila Kuisoma

Alhamisi, Nkubu

Nimecheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kama niko sawa. Ni huyu Murithi, meneja wa wafanyakazi katika kampuni ya chai ninayoitetea mahakamani. Miaka sita tumeketi pamoja tukipambana na chama cha wafanyakazi. Kila Mama Kathure, katibu wa chama, aliposimama kuongea, Murithi alininong'oneza, "Hawa ni wachochezi tu."

Leo kampuni imemfuta kazi. Alikuja ofisini kwangu, barua mkononi.

"Wakili, hawajanipa hata nafasi ya kujitetea! Hii ni sheria gani?"

Nikaisoma. Ni ile niliyoiandika mwenyewe mwaka jana tulipowafuta wachuma chai, na yeye ndiye aliyezitia sahihi nakala zote. Wamebadilisha jina tu. Kumbe hakuwahi kuisoma!

Nilimwambia siwezi kumsaidia, maana kampuni ni mteja wangu.

"Basi nipe namba ya yule mama."

Akampigia hapo hapo, simu ikiwa kwenye spika, sauti imekuwa ya kondoo. Nilitarajia Mama Kathure acheke. Hakucheka.

"Wewe si mwanachama," alisema, "lakini njoo kesho na hiyo barua. Tunazo kumi na tisa kama hiyo, na sahihi yako iko chini. Utatueleza ni nani alikuwa akikuandikia."

Murithi akaniangalia. Nami nikajifanya natafuta kalamu.

Nimecheka, ndiyo. Lakini huyo mtu amekaa kando yangu miaka sita, na mdomo wake haujui kufungwa.