Jiwe Linaondolewa Ijumaa

Jumatatu, 5 Novemba 2012

Hakuna hata wingu. Tangu asubuhi bangana tatu — ndege za Marekani zisizo na rubani — zinazunguka juu ya bonde. Nimefundisha hesabu huku darasa zima likitazama dari. Nimechoka.

Jiwe la suluhu, lililowekwa kusimamisha kisasi, linaondolewa Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri. Likiondolewa kabla baraza halijaketi, wana wa Haji Mirsawab wana haki ya kumpiga risasi mdogo wangu Sherdad popote watakapomwona. Alimuua ndugu yao kwenye ugomvi wa maji ya mfereji. Hakatai. Miezi mitatu hajavuka kizingiti. Amejifunza kuoka mikate, wanawake wanamcheka.

Baraza ni wazee kumi na mmoja, duara, uwanjani, mbele za watu. Wa bonde la pili waliketi hivyo hivyo kugawana msitu, ndege zikawapiga. Tuliwazika vipande.

Jumanne, 6 Novemba

Nimekwenda kwa Malik Badshah Jan, mkuu wa wazee. Nikaomba waketi watatu watatu, chumbani, wapokezane. Kumbe alishamuuliza Haji, na Haji kakataa: damu ya mwanawe haisamehewi kwa kutumiwa salamu, anataka kuziona nyuso zetu zote pamoja. Mimi pia ningekataa.

Leo Marekani wanapiga kura. Redio inasema wagombea wawili wamebishana karibu kila kitu, ila kwa hizi ndege wanakubaliana. Hapo ni ndugu wa tumbo moja!

Jumatano, 7 Novemba

Wamechagua. Anga lile lile.

Alhamisi, 8 Novemba

Zarmina, mke wangu, anasema maisha yake yote ameomba mvua ya mahindi, sasa anaomba wingu la kuficha wanaume. Akacheka.

Sherdad kanifuata, mikono imejaa unga. "Kaka, kesho nitoke tu. Nife mimi mmoja, yaishe."

Nimemfokea. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na mtu nisiyemjua, ameketi mbele ya kioo cha kuongozea ndege huko mbali. Akiona wanaume kumi na mmoja wameketi pamoja, kwake ni jeshi. Kwetu ndiyo njia pekee ya kuacha kuuana. Nani amweleze?

Alasiri upepo umegeuka.

Ijumaa, 9 Novemba

Wingu! Zito, limeshuka hadi vilimani. Malik kaita watu wote kabla ya adhuhuri.

Naandikia uwanjani, daftari gotini — mwalimu ndiye karani. Kondoo kachinjwa. Sherdad yuko katikati, hana silaha, kichwa wazi. Haji kasema uchungu wake wote, hakuna aliyemkatiza. Imebaki anyanyue mikono aombe dua ya kusamehe, basi.

Kivuli cha kalamu yangu kimetokea kwenye karatasi. Jua. Na ule mvumo wa bangana.

Hakuna anayetazama juu. Malik kasema taratibu kwamba anayetaka kwenda aende, hatalaumiwa. Uongo. Atakayeinuka kwanza atakuwa amevunja baraza, na damu inarudi pale pale. Tumeketi.

Haji kamtazama Sherdad muda mrefu. Kisha kakohoa.

"Sogeeni karibu," kasema. "Hatusikilizani kwa makelele yao."

Tumesogea, bega kwa bega. Ananyanyua mikono, polepole. Na dua za Haji ni ndefu, kijiji kizima kinajua.