Bibi wa Mchumba Ataka Nije Juu ya Farasi

Bi Mwanawetu mshauri wetu, baada ya salamu nyingi nakushika miguu unisaidie, maana sina tena wa kumuuliza, ndugu zangu nikiwaeleza wanaangua kicheko kabla sijafika katikati.

Mimi ni Mfaume, Mndengereko wa Mkongo, mkulima wa mpunga, na nilikuwa nimwoe Zamda mwaka ule ule vita vya majimaji vilipozuka, mahari imeshatoka na siku imeshatajwa, basi sisi tukakimbilia chini kwenye mikoko, wao ni Wamatumbi, kwao milimani, wakatawanyika, nikawa sijui yu hai au amekufa, miaka miwili mizima, mpaka mwaka huu nikasikia waliosalia wamehamia Kibiti na Zamda yumo, nikatoka Mkongo kwa miguu na sikukaa chini mpaka nilipomwona, na nilipomwona nililia mbele za watu na sikujali.

Wazee wakakutana upya, ikakubaliwa harusi iwe mpunga ukishavunwa, nami naona mambo yangu yamenyooka, ndipo bibi yake, Bibi Mwamini, ndiye mkubwa wao aliyebaki, akanitazama toka kichwani mpaka miguuni akasema, "Mjukuu wangu hachukuliwi na mtu anayetembea kwa miguu kama kuku. Aje juu ya farasi, la sivyo abaki huko huko mtoni na viboko wake." Nikatazama nyuso zote, hakuna aliyecheka, hakuna hata aliyetabasamu, nikajua hilo ni sharti, nikajibu, "Ndiyo, bibi, nimesikia," nikatoka.

Basi farasi hapa Kibiti ni mmoja tu, wa Bwana Zaidi, Mwarabu wa Manga aliyefungua chuo cha kupanda farasi nyuma ya nyumba yake, wengine wawili walimfia kwa mbung'o, na huyu aliyebaki, jike jeupe aitwaye Marashi, anafukiziwa moshi wa makumbi ya nazi mchana kutwa ili mbung'o wasimkaribie. Tukapatana, mimi nimkatie majani, yeye anifundishe. Siku ya kwanza akaniambia, "Tia mguu kwenye kikuku," nikamwambia mimi mwanamume, vikuku nawaachia wanawake, kumbe kikuku chenyewe ni kile chuma cha kukanyagia kinachoning'inia ubavuni mwa farasi! Siku ya pili nikapandia upande huu nikatokea upande wa pili. Siku ya tano nikakaa, lakini nimemkumbatia shingo kama mama yangu, na Bwana Zaidi anapiga kelele, "Hatamu! Shika hatamu, si masikio!" Kisha asubuhi moja, wiki ya tatu, Marashi akaenda mbio kidogo na mimi nikabaki juu yake, nimekaa wima, upepo unanipiga kifuani, nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka, sijawahi kucheka vile tangu vita, na nakuambia kweli, Bi Mwanawetu, napenda, naona haya kusema, mtu mwenye makaburi yote yale nyuma yake kumfurahia mnyama.

Sasa shida ni hii, Marashi hasimami ukivuta hatamu. Bwana Zaidi amemzoesha kwamba somo likiisha anaita "Maji!" na ndoo inaletwa, basi hilo ndilo neno lake la kusimama, jingine halijui. Wiki iliyopita alinishinda, akaingia njia ya sokoni karibu na kambi ya askari, nikaita kwa nguvu zangu zote, "Maji! Maji!" Lo! Wauza mihogo wakaruka makapu yao, mwadhini akajifungia msikitini, askari sita wakanizunguka na bunduki, na Marashi katikati yetu amesimama kimya, ameridhika. Nikaulizwa dawa ya vita nimeinywa kwa nani. Bwana Zaidi akaja mbio na ndoo, farasi akanywa mbele yao, ndipo wakaamini, lakini mkubwa wao akanionya kwamba nikiliita tena neno lile njiani hataniuliza mara ya pili.

Na njia ya kwenda kwa kina Zamda inapita pale pale! Nisipoita, farasi atanipitiliza mlango wa mchumba mpaka Ikwiriri, nikiita, harusi itageuka matanga. Nimeshaomba siku isogezwe mara mbili, wazee wamesema mwezi wa mfungo tisa ukipita hawanisubiri tena, na jana Zamda alimtuma shangazi yake aniambie, "Mwambieni aje hata kwa kutambaa," nikaona naye sasa ananidhihaki kwa vile nilivyoanguka. Nitamkosa Zamda hivi hivi, nami nimempata juzi tu. Nifanye nini?

Mfaume, Kibiti

*

Mfaume, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilishindwa kuimaliza kwa kucheka, mume wangu akaja kuuliza kulikoni. Mara ya pili nikakukasirikia.

Wewe Mndengereko, wao Wamatumbi. Hao si watani wako? Na hata wasingekuwa, bibi wa mchumba wako si ndiye wa kukuita "mume wangu" na kukusimanga mbele za watu apendavyo? Tangu lini mtu akaambiwa na mtani wake, tena bibi kizee, kwamba anatembea kama kuku, akajibu "ndiyo, bibi, nimesikia"? Hukuwekewa sharti, mwanangu. Ulitaniwa!

Unasema hakuna aliyecheka. Nakuamini. Nani amecheka miaka miwili hii? Watu wamezika, wamekula mizizi ya porini, hata matanga yalipita bila utani, maana watani nao walikuwa wamefiwa. Masikio yamesahau utani unavyosikika. Sasa bibi yule, aliyefukia wanawe, anamwona kijana analia kwa furaha kwa kumpata mjukuu wake, anajikaza, anakuwa wa kwanza kutania. Anakutupia neno, anangoja. Na wewe unainuka unakwenda kutafuta farasi! Wiki zote hizi bibi wa watu yuko barazani anangoja umjibu. Labda anadhani amekuudhi. Hilo ndilo la kuonea haya, si kucheka kwako juu ya Marashi. Cheka, baba. Waliokufa hawapati nafuu yoyote wewe ukinuna.

Zamda naye unamwonea. Mwanamke akisema "aje hata kwa kutambaa" hamdhihaki mtu, anasema anakutaka, basi. Huyo amechoka kungoja, na wewe kichwa chako kimejaa kwato.

Haya, sikiliza. Siku ya harusi hupandi. Utakwenda kwa miguu, hatamu mkononi, Marashi akifuata nyuma taratibu. Mbele ya askari wasalimie upite, huna haja ya kutaja neno lolote. Na huyo Bwana Zaidi mwambie kutoka kwangu, kama anataka chuo chake kiendelee, amfundishe farasi kusimama kwa "Basi!" Mwalimu gani huyu, katika nchi hii na mwaka huu, neno lake la kusimamisha farasi linampeleka mwanafunzi kitanzini?

Ukifika mlangoni usimtafute Zamda. Nenda moja kwa moja mbele ya Bibi Mwamini, useme kwa sauti wote wasikie, "Bibi mke wangu, farasi uliyemtaka huyu hapa. Panda wewe twende zetu Mkongo, Zamda atatufuata kwa miguu." Halafu nyamaza. Usicheke wewe kwanza. Atakutukana matusi ambayo gazeti hili haliwezi kuyapiga chapa, nawe yapokee yote, na umrudishie mawili matatu ya adabu. Utasikia nyumba nzima inavyopasuka. Akitaka kupanda kweli, na wazee wa milimani nawajua, anaweza kutaka, mshike kiuno kwa mikono miwili na Zamda amshikie fimbo yake. Masomo yako endelea nayo baada ya harusi, mkeo akitazama.

Lakini siku usiisogeze tena. Mara mbili zimetosha. Zamda alikungoja vita vizima bila kujua kama u hai, hakuna mnyama wa kumfanya angoje asubuhi moja zaidi. Wala usiniandikie tena kuniuliza. Ukishasoma hapa, kunja gazeti, oga, uende kwao ukataje siku. Leo.