Kilo Tano, Maji Kando

Jumatatu, 9 Oktoba

Hyerim kaja bila taarifa. Leo sikukuu, maabara yao ya meno ya bandia imefungwa, kapanda basi la asubuhi kutoka Daejeon. Kumwona tu mlangoni nikadhani kafukuzwa kazi. Halafu nikadhani mgonjwa. Akala mabakuli mawili ya wali, akafuta mdomo, akasema ameomba kwenye kura ya nyumba ya wapandaji, kule juu ya mlima Jirisan, na kura imemwangukia. Nafasi mbili. Jumamosi ya tarehe ishirini na nane, kulala usiku mmoja.

— Mama, utakuja?

Mimi! Miaka sitini na tatu, mlima ule nauona nikipanda darini kuanika pilipili, na sijalala huko hata siku moja.

Nikakubali kabla hajamaliza. Akainua kidole kama mwalimu. Begi langu lisizidi kilo tano, chakula ndani yake, maji kando. Kila kitu kipimwe. Na nisifiche kitu, si kwenye begi langu wala lake.

Hapo nikatazama bakuli.

Najua anasema nini. Ni miaka miwili sasa. Alikuwa anaenda kulala mlimani peke yake, begi dogo kama la mtoto wa shule, nami roho haikutulia. Akiwa bafuni nikamtilia chini kabisa kopo la kimchi, kabichi ya kuchachusha kwa pilipili, kilo mbili, na mapeasi matatu. Kimchi ilikuwa changa, bado inachachuka. Ikavimba njiani. Kifuniko kikaruka, maji yote mekundu yakaingia kwenye mfuko wake wa kulalia. Manyoya ya bata yakilowa hayana joto tena. Mtoto kakaa kitako usiku mzima kwenye baridi ya kuganda, kavaa kila alichonacho. Hakuniambia. Nilijua mwenyewe nilipousikia ule mfuko kwenye kamba ya nguo, unanuka kitunguu saumu.

Tangu siku ile akienda mlimani haniagi. Naona picha tu, akisharudi.

Sasa ananichukua. Nikifanya vizuri huenda akaanza kuniambia tena. Sitaki kingine.

Jumanne, 10 Oktoba

Sokoni. Nimefunga mzigo wangu wa kwanza na kuuweka kwenye mizani ileile ninayopimia vitoweo. Kilo kumi na moja na gramu mia nne!

Mama Donguk, wa dagaa kavu, jirani yangu wa meza kwa miaka ishirini, akaja kutazama.

— Mama Hyerim, unapanda mlima au unaolewa? Hii si safari, hii ni mahari.

Akaanza kutoa kimoja kimoja huku soko zima likitazama. Blanketi la maua. Taulo mbili. Sufuria na kifuniko chake. Kisu cha jikoni. Jaketi la marehemu mume wangu, zito kama yeye mwenyewe. Dawa ya tumbo chupa nzima. Mashuka. Akauliza mashuka ya nini. Nikasema sijui nani kalala pale kabla yangu.

Akasema nipunguze mwili kilo sita, begi niliache lilivyo, mlima hautajua tofauti. Watu wa soko hawana huruma.

Alhamisi, 12 Oktoba

Hyerim kapiga simu. Kumbe vitu vizito ni vitatu: begi lenyewe, mfuko wa kulalia, na mkeka. Ukishapata hivyo vitatu vyepesi, vilivyobaki ni ubishi tu. Mimi nilikuwa nahangaika na mswaki.

Leo limefika furushi lake. Kaniletea mfuko wake wa pili wa kulalia, umeshindiliwa umekuwa kama mkate. Nikaufungua sebuleni. Ukaanza kuvuta pumzi! Ukavimba taratibu mpaka ukajaza sakafu. Gramu mia saba tu. Ni kama kumbeba kuku aliyekonda. Nikaingia ndani saa tisa mchana, nikajifunga mpaka kidevuni. Dakika kumi jasho.

Ni mfuko mpya. Ule wa kimchi sijauliza uko wapi.

Jumapili, 15 Oktoba

Nimeenda duka la vifaa vya mlimani. Sikulala vizuri kwa hamu, kama naenda kuchumbiwa. Muuzaji kijana mpole, ananiita mama, kaniacha nishike kila kitu.

Begi: lipo lenye mifuko kumi na mbili na fremu ya chuma, zuri, nilipenda. Kilo mbili na nusu, tupu! Yaani nusu ya ruhusa yangu imeliwa na begi kabla sijatia soksi. Nikachukua la kitambaa chembamba, halina kitu, kama gunia lenye mikanda. Gramu mia sita na themanini. Kijana akasema begi jepesi halitaki mzigo mzito, litakukata mabega. Nikasema hilo nalo limetumwa na binti yangu.

Mkeka: kuna wa kujazwa hewa, laini, ila ukitoboka umelala kwenye mbao. Kuna wa povu, unakunjwa kama upepeo wa karatasi, bei kidogo, hautoboki. Mimi ni mtu wa povu. Kijana akanong'ona kwamba wajuao huukata nusu. Mgongo na makalio vinalala juu yake, miguu unaiwekea begi tupu chini. Nimefika nyumbani nimeukata kwa mkasi wa pilipili. Gramu mia mbili na kumi. Nimeulalia jikoni, ni kweli kabisa.

Sufuria ndipo tulipogombana. Akanionyesha ya madini ya titani, gramu mia moja na thelathini, bei yake nikaona aibu kuirudia hata humu. Nikasema nyumbani nina ile ya njano ya kupikia tambi, ya bati laini, imebonyea kila upande. Akacheka kidogo. Nimeipima: mia moja na themanini pamoja na vishikio vyake. Nikaving'oa kwa koleo. Mia moja na hamsini na tano. Nitashika kwa soksi.

Nimemtumia Hyerim picha ya sufuria juu ya mizani. Karudisha alama ya kucheka, saba.

Jumatano, 18 Oktoba

Leo nilikuwa kwenye shughuli yangu. Hyerim alisema wenzake hununua chakula kikavu cha pakiti, ukitia maji ya moto kinakuwa wali. Kununua chakula kikavu! Mimi ninayekausha majani ya figili kila mwaka tangu utoto!

Mashine yangu ya kukaushia pilipili imefanya kazi siku mbili. Wali uliopikwa, ukaoshwa usishikane, ukakaushwa. Kimchi iliyokwisha kuiva kabisa, nimeikamua, nikaisambaza nyembamba: gramu mia sita imetoka sabini. Sabini! Inakwaruza kama karatasi na ndani yake kabichi nzima. Majani ya figili nimeyakandia maharage yaliyochachushwa na unga wa dagaa wa Mama Donguk, nikafinyanga vidonge kama gololi, vikakauka. Kidonge kimoja, kikombe kimoja cha supu.

Nimejaribu kwenye sufuria ya njano. Mama Donguk kaonja, kaonja tena. Akasema nimwachie vinne, mumewe anaenda kuvua.

Na nikapata wazo usiku huu linaniumiza. Ningejua haya miaka miwili iliyopita, ningempa gramu sabini badala ya kilo mbili. Angekula, asingelowa. Nilimpenda kwa njia nzito, basi.

Jumamosi, 21 Oktoba

Mazoezi kilimani nyuma ya mji, begi mgongoni. Kupanda sawa. Kushuka ngazi, goti la kushoto likaanza kulia kama bawaba. Nimelikanda kwa maji ya moto.

Nilitaka ninyamaze. Nilishapanga maneno: nimechoka kidogo tu, usijali. Halafu nikafikiri, goti nalo ni kitu cha kuficha. Nikapiga simu nikasema. Nikajua safari imekufa. Akasema, — Asante kwa kuniambia, Mama. Nitaleta fimbo mbili. Tutaenda polepole, na tukishindwa tunashindwa.

Nikauliza fimbo zinahesabiwa kwenye kilo tano? Akasema kilichoko mkononi hakihesabiwi. Nikamwambia basi nitabeba begi mkononi. Kacheka mpaka simu ikakwaruza.

Jumatano, 25 Oktoba

Kilo tano na gramu mia moja na themanini. Nimepima mara tano, nimehamisha mizani, ni zilezile.

Nimekaa sakafuni na vitu vyote vimenizunguka. Suruali ya pili — nikianguka matopeni je. Sindano na uzi — kikichanika kitu je. Taulo. Tochi ya akiba, wakati ya kichwani ninayo. Kila nikishika kitu nasikia sauti yangu mwenyewe: je, je, je. Mbona vyote hivi ni vya mambo ambayo hayajatokea? Vya mambo yatakayotokea vimo tayari: kulala, kula, kuvaa mvua ikinyesha.

Suruali nje. Tochi nje. Taulo nimelikata robo. Sindano imebaki, haina hata gramu, mniache na sindano yangu.

4.96.

Nilipiga kelele peke yangu nyumbani kama nimeshinda bahati nasibu.

Ijumaa, 27 Oktoba

Hyerim yuko hapa. Baada ya chakula akaweka begi langu kwenye mizani. Akalifungua, akatoa kila kitu, akakipanga sakafuni. Niliona aibu kama nakaguliwa uwanja wa ndege. Alipofika chini kabisa akagusagusa kitambaa, akanitazama, akasema: — Mama, hakuna kitu. Kama vile haamini.

Sindano akaiona. Akairudisha mahali pake.

Halafu akapanga begi lake mbele yangu. Miaka miwili hajafanya hivyo. Mimi nimekalia mikono yangu yote miwili. Naona kofia nyembamba, nanyamaza. Naona glavu hazina unene wa ngozi ya vitunguu, nanyamaza. Mkono mmoja ukachomoka, una kifuko cha kimchi kavu kilichozidi, gramu ishirini na tano, na begi lake liko wazi, na yeye kainama anafunga kamba. Nusu hatua tu.

Nikasema: — Hiki nacho, kikae wapi?

Akageuka. Akakipokea, akakipima kwa kiganja. Akasema, — Juu kabisa, nisikitafute.

Nina furaha. Basi la saa kumi na mbili asubuhi. Nilale.

Jumamosi, 28 Oktoba

Niko juu. Naandika kwa kalamu fupi niliyoikata, jua bado lipo, kalamu haijahesabiwa na mtu.

Siwezi kueleza. Majani mekundu mpaka macho yanauma. Saa tano za kutembea na begi silisikii, nilipapasa mgongoni mara mbili nione kama lipo. Mwanamume mmoja alitupita anahema chini ya mzigo mkubwa kama kabati. Tulimkuta mbele kakaa juu ya jiwe. Nikasema, kaka, umebeba hofu nyingi. Hyerim akanivuta mkono. Yule akacheka, akatupatia machungwa mawili, akasema tafadhali, nimsaidie kuyapunguza.

Supu ya vidonge jikoni kwa wapandaji: wameuliza watu wanne. Mwanamke wa Busan katoa simu aandike namna ya kukausha. Hyerim alisimama pale, mikono nyuma, akawaambia, mama yangu huyu. Mara mbili alisema.

Sasa goti. Zile ngazi za mwisho limefura kama viazi viwili. Tumelifunga kwa robo ya taulo iliyolowekwa kisimani. Halina maumivu nikikaa. Kesho nitaweza kushuka kwa fimbo, polepole, njia fupi. Kupanda zaidi, hapana. Kilele nitakiangalia kutoka dirishani.

Nikamwambia hivyohivyo. Nikasubiri aseme basi tushuke wote.

Akachuchumaa mbele yangu. Akasema: — Mlinzi wa nyumba hii anasema kesho mbingu safi mpaka mchana. Nataka kuona jua likichomoza kileleni. Nitatoka saa kumi na moja na robo, nifuate ukingo, si ile njia ya bondeni. Nitarudi hapa saa mbili na nusu. Ikifika saa tatu hujaniona, mwambie mlinzi. Nitakuwa peke yangu, Mama. Niende?

Njia. Saa ya kwenda. Saa ya kurudi. Na cha kufanya asipoonekana. Kaniambia vyote, tena kaniuliza.

Miaka miwili nimelia niambiwe. Nilidhani nikiambiwa nitatulia. Kumbe aliyekuwa haambiwi alikuwa analala! Mimi kesho nitakuwa macho kwenye mbao hizi nahesabu dakika. Giza, mawe, ule ukingo. Sijui ni woga au ni furaha, vimeshikana kama wali ambao haukuoshwa.

Kaenda kuteka maji. Kasema akirudi nimpe jibu, na kama sitaki haendi, wala hatakasirika. Najua hatakasirika. Ila safari nyingine hataniuliza.

Begi lake liko wazi hapa ubavuni kwangu. Jaketi langu ni nene kuliko lake. Nimelitazama, nikalivaa mwenyewe, nikafunga zipu mpaka shingoni ili mikono isizurure.

Nasikia viatu vyake kwenye ngazi za mbao. Ananiuliza kutoka mlangoni kama nimeamua. Namwambia subiri, namalizia mstari. Namwambia njoo kwanza unionyeshe ukingo wenyewe uko upande gani, nijue wapi pa kutazama kukikucha, na kesho uende.